Kabureta na Njia ya Petroli

Katika kijiji cha Jambiani, upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, palikuwa na pikapu moja kuukuu, aina ya Toyota, iliyokwisha kuwatumikia watu miaka mingi. Bodi yake ilikuwa imeliwa na kutu kwa ajili ya upepo wa bahari, na mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba ya usumba. Hata hivyo kila siku alfajiri iliondoka kwenda mjini, imejaa magunia ya mwani mkavu na matenga ya samaki na pweza, na juu ya magunia wamekaa abiria. Njia yake ilipita Paje, na Kitogani, na msitu wa Jozani, mwendo wa kilomita 50 na zaidi.

Siku moja pikapu hii ikashikwa na ugonjwa. Ilitoka Jambiani vizuri, lakini ilipokaribia Jozani ilianza kukohoa, nguvu zikapungua, kisha injini ikazimika kabisa. Dereva akashuka, akafungua boneti, akatazama, asione kitu. Baada ya dakika 10 akapiga starta, na injini ikawaka kana kwamba haikuwa na neno. Wakaenda kilomita 3, ikazimika tena. Jua lilikuwa limekwisha kupanda, na barafu katika matenga ilikuwa ikiyeyuka. Wenye samaki wakaanza kunung'unika, kwa maana walijua kwamba wakiukosa mnada, kazi yao ya usiku kucha itakuwa bure.

Dereva akasema, "Hii ni kabureta. Imekufa. Hapana budi kununua nyingine." Akashika bisibisi aifungue palepale njiani.

Miongoni mwa abiria alikuwamo mzee mmoja aliyekuwa fundi wa magari zamani. Akamwambia, "Mwanangu, weka bisibisi chini kwanza. Je, umekwisha kujua kama petroli inafika hapo?"

Dereva akanyamaza, kwa kuwa hakujua.

Ili msomaji afahamu kwa nini swali lile lilipaswa kutangulia, yafaa ajue kwanza kazi ya kabureta. Petroli ikiwa bado majimaji haiungui vema ndani ya injini. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, tena kwa kipimo: kwa uzani, kilo 15 hivi za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Lita 1 tu ya petroli yataka lita 9,000 hivi za hewa, yaani hewa ya kujaza chumba kidogo cha kulala. Kazi ya kabureta ni kuvichanganya vitu hivi viwili, wakati wote injini inapokwenda, polepole au mbio.

Jinsi inavyofanya si siri. Chukua bilauri ya maji na mirija miwili mifupi. Simamisha mrija mmoja ndani ya maji, ncha yake itokeze juu kidogo. Weka ncha ya mrija wa pili karibu na ncha ile, ukiukingamisha, kisha puliza kwa nguvu. Maji yatapanda yenyewe katika mrija uliosimama, na yakifika juu yatarushwa kama manyunyu. Katika kabureta, pistoni za injini ndizo zinazovuta hewa, na hewa hupita katika koo lililofanywa jembamba katikati. Ipitapo pembamba huenda mbio na msukumo wake hupungua. Jambo hili lilielezwa na Mwitalia Giovanni Battista Venturi mwaka 1797, alipochungua mwendo wa maji. Hapo katika wembamba wa koo ndipo petroli hutokea kwa tundu dogo liitwalo jeti, ikageuka manyunyu.

Petroli hiyo hukaa katika bakuli dogo kando ya koo. Ndani ya bakuli limo boya. Bakuli likijaa, boya huelea juu na kusukuma sindano izibe mlango. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Ni kazi ileile ya boya lililomo katika tangi la maji juu ya nyumba.

Lakini petroli haizaliwi katika bakuli. Hutoka katika tangi lililo nyuma ya gari, hupita katika bomba jembamba chini ya gari, huingia katika chujio, huvutwa na pampu iliyo ubavuni mwa injini, ndipo hufika kwenye kabureta. Basi kabureta ni kituo cha mwisho. Mtu akikosa maji nyumbani hakimbilii kuvunja koki. Hutazama kwanza kama tangi lina maji. Madereva wengi hufanya kinyume: huanza na kabureta kwa sababu ipo juu na bisibisi huifikia upesi.

Mzee yule akaanza kazi yake. Kabureta za Toyota nyingi za zamani zina kioo kidogo cha mviringo katika bakuli, mfano wa jicho, na petroli ikiwa sawa huonekana katikati ya kioo. Akatazama, akaona bakuli ni tupu. Kwa hiyo kabureta haikuwa na hatia, au angalau haikuwa imehukumiwa bado: haiwezi kutoa kitu isichopewa. Akaenda nyuma, akafungua kifuniko cha tangi, akitega sikio. Kifuniko kina tundu dogo la kuingiza hewa mahali pa petroli inayotoka, na tundu hilo likizibwa na vumbi, tangi hujivuta lenyewe hata petroli haitoki tena. Dalili yake ni hewa kuingia kwa mlio kifuniko kinapofunguliwa. Hakusikia mlio wowote.

Akangoja injini ipoe, akachomoa waya mkuu wa koili pasitokee cheche, akachomoa mpira uendao kwenye kabureta na kuutia katika chupa. Dereva akapiga starta. Petroli ikatoka matone matone tu, hali pampu nzima huirusha kwa mapigo yenye nguvu. Basi ubaya ulikuwa katika pampu au nyuma yake. Hapo akachomoa mpira wa upande wa pili, ule utokao kwenye tangi, akapuliza kuelekea nyuma kwa pampu ya magurudumu. Ndani ya tangi kukasikika mlio wa mapovu. Akarudisha mipira yote, isipokuwa ule wa chupa, wakajaribu tena, na mara hii petroli ikaruka vizuri. Pampu ilikuwa nzima. Uchafu ulikuwa umeziba mdomo wa bomba ndani ya tangi.

Na hiyo ndiyo sababu gari lilipona kila lilipopumzika. Injini ikifanya kazi nzito, pampu huvuta sana, na takataka hukusanyika mdomoni mwa bomba. Injini ikizimika, mvuto huisha, takataka huanguka chini, na njia huwa wazi tena kwa muda.

Utingo, kijana mwepesi wa shauri, akasema, "Babu, kwa nini tusifunge dumu la petroli juu ya paa, tukashusha mpira mpaka kwenye kabureta? Nimeona wenzetu wakifanya hivyo." Ni kweli kwamba wako wafanyao hivyo, na gari huenda. Lakini mzee akakataa. Mpira ukichomoka, petroli yote ya dumu humwagikia injini yenye moto, nayo haingoji mtu ashuke. Na nyuma walikuwamo akina mama wawili na watoto wao, wamekaa juu ya magunia makavu. Wakaenda taratibu, wakasimama mara 2 kupuliza bomba, wakafika mjini mnada unakaribia kwisha. Samaki waliuzwa, ingawa si kwa bei ya asubuhi.

Kesho yake tangi likashushwa. Waliyoyamimina humo yalikuwa ya kustaajabisha: vipande vya kutu kama maganda ya dagaa, mchanga mweupe, na maji. Kijiji kilicho pwani hewa yake ina chumvi na unyevu. Tangi lililobaki nusu tupu usiku huvuta hewa hiyo, baridi ya alfajiri huigeuza matone, na matone huteremka chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Humo hukaa na kula bati. Maji mengine huja na petroli inayouzwa katika madumu na chupa. Kujua si kazi: mimina petroli kidogo katika chupa nyeupe, iache itulie, na maji yakiwamo yataonekana chini, yamejitenga. Tangi likasuguliwa na kusuuzwa, na chujio jipya likatiwa, la thamani ndogo sana kuliko kabureta ile ambayo dereva alitaka kuinunua. Mtu mmoja aliposhauri pengo moja lichomelewe kwa moto, fundi hakukubali. Tangi tupu la petroli ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke, na mvuke ndio upasukao.

Ugonjwa huu ni wa zamani kama motakaa yenyewe. Mwezi wa Agosti mwaka 1888, katika nchi ya Ujerumani, Bibi Bertha Benz alichukua gari lililotengenezwa na mumewe, Karl Benz, akaenda na wanawe wawili kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, mwendo wa kilomita 100 na zaidi. Hiyo ndiyo safari ndefu ya kwanza ya gari la namna hiyo. Njiani bomba la mafuta likaziba, naye akalizibua kwa pini ya kofia yake. Mafuta aliyanunua katika duka la dawa, kwa kuwa vituo vya petroli havikuwako bado.

Lakini pini yafaa kwa bomba, siyo kwa jeti. Tundu la jeti hupimwa kwa sehemu ndogo mno za milimita, nalo limetobolewa katika shaba iliyo laini. Anayelichokonoa kwa waya wa chuma hulipanua, na tangu siku hiyo gari hula petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi, na mwenye gari hasemi ni waya. Jeti husafishwa kwa petroli safi na upepo wa pampu tu.

Ikiwa bakuli limejaa na petroli inafurika nje, shauri ni jingine: sindano imelika, au boya limetoboka. Boya la shaba litikise karibu na sikio; ukisikia maji ndani yake, limetoboka, nalo haliwezi kuelea tena. Gari la namna hii lisiwashwe kabisa mpaka litengenezwe, maana petroli hudondokea mahali penye moto mkali. Plagi nayo hutoa habari: ikitoka nyeusi na imelowa, petroli imezidi, ikitoka kavu na nyeupe, petroli ni haba au hewa inaingia kwa wizi chini ya kabureta.

Iko desturi mbaya moja iliyoenea sana, nayo ni kunyonya petroli kwa mdomo ili itiririke katika mpira. Risasi iliyokuwa ikitiwa katika petroli iliondolewa Afrika Mashariki kufikia mwaka 2006, lakini petroli haikuwa maziwa kwa sababu hiyo. Tone dogo likipotea njia na kuingia katika mapafu huweza kumlaza mtu hospitali, na huweza kumwua. Aliyeimeza asitapishwe, bali apelekwe kwa mganga upesi.

Magari mapya hayana kabureta. Petroli yake hurushwa na mashine zinazoongozwa kwa umeme. Lakini kabureta haijatoweka. Imo katika pikipiki nyingi, katika pampu za maji, na katika mashine nyingi za boti. Pikapu ikizimika Jozani, abiria hukaa kivulini. Mashine ikizimika nje ya mwamba wa Jambiani wakati wa kusi, mkondo hauwangojei wavuvi. Kwa hiyo mvuvi mwangalifu huchuja petroli yake ufukweni, kabla ya kuimimina, na katika dumu huacha kidogo chini asikimimine, kwa kuwa hapo ndipo maji yalipo.