SOMO LA AFYA: SALIO NA DAFTARI KATIKA HESABU ZA KISUKARI



Mkaguzi wa ushirika haridhiki kwa kuona salio la mwisho wa msimu peke yake. Salio laweza kuwa zuri, na huku kitabu cha fedha kikaonyesha siku ambazo kasha lilikuwa tupu. Vipimo vya kisukari navyo ni vivyo hivyo.

1. Kipimo cha maabara
Kipimo kiitwacho HbA1c ndicho salio. Sukari hunata kwenye himoglobini ya chembe nyekundu za damu, ambazo huishi siku 120 hivi. Kwa hiyo jibu ni wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikubali asilimia 6.5 kuwa kiwango cha kutambulia kisukari. Mpimwaji hahitaji kufunga kula. Lakini selimundu, upungufu wa damu au kuongezewa damu vyaweza kupotosha jibu. Mwenye hali hizo amweleze daktari.

2. Kifaa cha kupima mfululizo
Hiki ndicho daftari. Hubandikwa mkononi au tumboni, na uzi wake mwembamba hukaa chini ya ngozi. Hupima kila dakika chache, na aina nyingi hubadilishwa baada ya siku 10 hadi 15. Hakipimi damu bali majimaji ya chini ya ngozi, hivyo huchelewa dakika chache. Kikipingana na hali ya mgonjwa, damu ya kidole ipimwe. Mwaka 2019 wataalamu wa mataifa walipendekeza kwamba, kwa watu wazima walio wengi, sukari iwe kati ya milimoli 3.9 na 10.0 kwa lita kwa zaidi ya asilimia 70 ya siku, yaani saa 17 hivi.

3. Mfano
Tuchukue wakulima wawili wa Njisi, kila mmoja akiwa na asilimia 7. Wa kwanza sukari yake imetulia. Wa pili hupanda sana baada ya wali wa jioni. Asubuhi huchoma insulini, kisha huenda kuvuna kakao kabla ya kula, ikashuka mno. Maabara huwaona sawa. Daftari huonyesha kwamba wa pili yu hatarini. Kifaa hiki ni ghali, na huwafaa zaidi watumiao insulini. Asiye nacho apime damu ya kidole kwa saa alizoelekezwa, aandike, na aende na daftari kliniki. Asibadili dawa kwa hiari yake.

4. Wajibu wa chama
Mwanachama akitetemeka, akitoka jasho na kuchanganyikiwa shambani au ghalani, msidhani amelewa. Akiweza kumeza, apewe maji yenye vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali mara moja.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni
(a) Kwa nini salio zuri laweza kuficha hatari?
(b) Je, ghala letu lina sukari ya dharura, na nani ajua ilipo?