Somo la Likizo: Nchi Kubwa, Siku 21 na Hela za Boksi



Mitihani inaelekea ukingoni, na kama ilivyo ada yetu, swali limeshaanza kuzunguka: likizo hii tunakwenda wapi? Wenzetu sita, mchanganyiko wa Wakenya, Waganda na Wabongo, wamekata shauri kwamba mwaka huu wataitembea Tanzania yenyewe, si kuishia sebuleni kwa shangazi. Wakaniletea karatasi waliyoandika vituo 14: Serengeti, Ngorongoro, Moshi, Tanga, Pemba, Unguja, Mafia, Kilwa, Mikumi, Iringa, Mbeya, Kigoma, Gombe na Mwanza. Yote hayo kwa wiki tatu. Nikawaambia, jamani, hii si safari, hizi ni Mbio za Mwenge.

Kwa kuwa nasomea uhandisi, na kazi yetu kubwa ni kupanga mambo yaingie kwenye muda na hela iliyopo, mhariri ameniomba niyaandike yale niliyowaeleza. Nayagawa katika masomo sita na zoezi moja. Mwenye nchi nyingine kichwani, iwe Kongo au Brazil, abadilishe majina tu. Hesabu ni ile ile.

SOMO LA KWANZA: HESABU SIKU KABLA YA VITUO

Tanzania ina kilomita za mraba kama 945,000, yaani inakaribia kuwa mara nne ya Uingereza. Tukishazoea treni za huku tunasahau kwamba kutoka mji mmoja hadi mwingine kule nyumbani kunaweza kula siku nzima.

Chukua siku 21. Toa mbili za ndege, ya kwenda na ya kurudi. Zinabaki 19. Toa tano za familia. Hapa wengi hujidanganya, wakisema "nitapita nyumbani mara moja." Nyumbani hakupitwi mara moja, bwana. Kuna bibi wa kusalimiwa, kuna msiba ulioukosa ukiwa nje ambao lazima ukatoe pole, kuna harusi ya binamu. Usipozitenga siku hizo wewe mwenyewe, zitajitenga zenyewe katikati ya safari, na wenzako watakaa gesti wakikusubiri. Kwa hiyo familia iwe mwanzo kabisa, kwa tarehe zinazojulikana, na mzee aambiwe mapema: "Baba, nipo tarehe fulani hadi fulani, halafu nasafiri na wenzangu." Mama hawezi kufurahi ukipiga picha na tembo kabla hujala kwake. Mkenya na Mganda waanzie kwao, kisha wote mkutane Dar es Salaam siku ya saba.

Zinabaki 14. Toa mbili za akiba, nitazieleza mbele. Mkononi unabaki na siku 12. Kila kuhama kituo, ukijumlisha kufunga mizigo, kungoja basi na kutafuta pa kulala, huchukua si chini ya nusu siku. Vituo 14 vinameza siku saba kwa makadirio ya huruma, na hapo sijahesabu kwamba Kigoma na Kilwa ziko pande mbili tofauti za nchi.

SOMO LA PILI: TAZAMA MVUA

Sisi wa vyuo vya Uingereza, Marekani na Ghuba tuna bahati moja. Likizo yetu ndefu, kuanzia Juni hadi Septemba, inaangukia kiangazi karibu nchi nzima. Barabara za vumbi zinapitika, na wanyama wanakusanyika kwenye maji kwa hiyo wanaonekana kirahisi. Masika ya Machi hadi Mei hunyesha sana pwani na kaskazini, kwa hiyo likizo ya Pasaka haifai kwa mzunguko mrefu. Mikoa ya kusini na magharibi ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili.

Desemba nayo ina la kwake. Ukitaka basi la kwenda Moshi wiki ya Krismasi, utashindana na Wachaga wote wanaorudi kula sikukuu kwao. Kama huna nyumba Kilimanjaro, waachie.

Angalizo kwa wanaodhani Afrika ni joto tu: Iringa na Mbeya ziko juu, na mwezi wa sita na wa saba kuna baridi ya kweli. Lile koti la huku usiliache lote, chukua angalau sweta.

SOMO LA TATU: CHORA MSTARI, USICHORE NYOTA

Watu wengi hukaa Dar na kutoka kama miale ya nyota: wanakwenda Arusha wanarudi Dar, wanakwenda Iringa wanarudi Dar. Kila barabara unailipia mara mbili, kwa hela na kwa muda. Tafuta mstari mmoja wenye vitu vingi tofauti, uufuate hadi mwisho, kisha urudi kwa ndege mara moja.

Kwa wenzetu sita nilichagua njia kuu ya Dar kwenda Mbeya, nikamalizia na Unguja. Mpangilio ni huu:

Siku ya 1: Dar hadi Morogoro kwa treni ya umeme ya SGR, kama saa mbili hivi, kisha basi hadi Mikumi. Treni hiyo ilianza kuchukua abiria mwaka 2024.
Siku ya 2: Hifadhi ya Mikumi.
Siku ya 3: Basi hadi Iringa. Msafiri mchana. Mtapita kwenye bonde la mibuyu, mtapanda mlima Kitonga nyuma ya malori, na kabla ya mji mtafika Lugalo.
Siku ya 4: Kalenga na Isimila.
Siku ya 5: Basi hadi Mbeya.
Siku ya 6: Kupanda kwa miguu hadi ziwa la Ngosi, lililo ndani ya kreta ya volkano.
Siku ya 7: Kushuka kupitia Tukuyu, kuona Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, kisha Kyela hadi Matema.
Siku ya 8: Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone.
Siku ya 9: Kurudi Mbeya, kulala.
Siku ya 10: Ndege kutoka uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, hadi Dar, kisha boti ya kwenda Unguja, kama saa mbili.
Siku ya 11 na 12: Mji Mkongwe na pwani ya Unguja, kisha boti ya jioni kurudi Dar.

SOMO LA NNE: KILA KITUO KIWE NA KAZI YAKE

Mmoja wao aliuliza, "Mbona Serengeti haimo? Wazungu darasani watanicheka." Swali zuri. Jibu langu ni kwamba safari yenye ladha haihitaji vituo vingi. Inahitaji vituo visivyofanana. Kwenye mstari huu Mikumi inakupa wanyama, Iringa inakupa historia, Ngosi inakupa mlima na msitu, Matema ni ziwa, na Unguja ni bahari na mji wa kale. Ukiongeza Ruaha, ambayo ni hifadhi nzuri mno, utapata wanyama tena na kupoteza siku mbili. Ukiongeza Serengeti unakuwa umebadilisha upande wa nchi kabisa. Iache iwe safari nyingine, ya kaskazini peke yake.

Na tusidharau hivyo vituo visivyo na jina kubwa. Hapo Lugalo, Agosti 1891, Wahehe wa Mtwa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, naye akauawa. Mkwawa alipigana hadi 1898, akajiua kuliko kukamatwa. Wajerumani wakachukua fuvu, na lilirudishwa mwaka 1954. Liko Kalenga, kwenye jumba dogo la makumbusho, kilomita chache kutoka Iringa mjini. Isimila kuna zana za mawe zilizotengenezwa na binadamu zaidi ya miaka laki mbili iliyopita, na nguzo za udongo zilizochongwa na maji ya mvua. Haya ni mambo ambayo wengi wetu tuliyajibu kwenye mtihani wa historia bila kuyaona. Huku ugenini tunaulizwa habari za kwetu kila siku, na mara nyingi tunajibu kwa vitabu vya wenyewe. Mimi nadhani siku moja Kalenga ina thamani kuliko picha mia za simba.

SOMO LA TANO: AKIBA HAIKAI MWISHO PEKEE

Katika uhandisi hatuweki nafasi ya kupumulia mahali popote tu. Tunaiweka pale kitu kikichelewa kitakapoharibu vingine vyote. Kwenye ratiba hii pako pawili. Pa kwanza ni baada ya ndege ya Songwe, kwa sababu ndege ikiahirishwa, boti na chumba cha Unguja navyo vinaharibika. Weka siku moja ya akiba hapo. Mambo yakienda sawa, siku hiyo inakuwa ya ziada Unguja. Pa pili ni kabla ya ndege ya kurudi chuoni. Usitoke Unguja asubuhi ya siku ya ndege kubwa. Bahari ikichafuka boti zinaweza kusimamishwa, na tiketi yako haijui habari za upepo.

Jambo dogo lakini muhimu: mkipewa saa ya kuondoka, ulizeni ni saa ya Kiswahili au ya kizungu. "Saa kumi na mbili" ya kondakta ni alfajiri au magharibi. Tiketi za treni na ndege hufuata saa 24. Ukikaa nje miaka mitatu masikio yanachanganya.

SOMO LA SITA: HELA, AFYA NA MAKARATASI

Hela za boksi zina jasho, kwa hiyo zigawe mafungu matatu. La kwanza ni lililofungwa: ndege, treni na vyumba vya siku zenye watu wengi, vyote vikilipiwa mapema. La pili ni la kila siku: chakula, basi, bodaboda. La tatu ni la dharura, na haliguswi kwa khanga wala zawadi. Zawadi za nyumbani ziwe na fungu lao nje ya safari, kwa sababu ukifika na pauni kila mtu ana shida yake, na wengi wana shida kweli. Amua kiasi kabla hujatoka huku.

Gari la kuingia hifadhini hukodishwa zima, kwa hiyo watu sita wanalipa kidogo kuliko wawili. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni kwa dola, ila lazima uonyeshe pasi au kitambulisho chako. Mkiwa na rafiki wa kizungu, mwambieni bei yake mapema ili asijione kaonewa getini. Malipo ya hifadhi za taifa hayafanywi kwa fedha taslimu. Andaa kadi au ulipie kwa simu.

Afya sasa, na hapa naomba tusikilizane. Ukikaa Ulaya au Marekani miaka kadhaa, kinga yako dhidi ya malaria inapungua. Wewe si yule wa zamani wa "malaria ni mafua tu". Wengi wa wanaougua malaria hapa Uingereza ni watu waliokwenda kuwaona ndugu zao Afrika na kurudi nayo. Pata dawa za kinga kutoka kliniki ya wasafiri kabla ya kuondoka, uzimeze hadi mwisho wa dozi hata baada ya kurudi, na ulale kwenye chandarua Mikumi, Matema na pwani. Ukipata homa ndani ya miezi kadhaa baada ya kurudi, mwambie daktari ulikuwa wapi. Usingoje akuulize. Wanaopitia Kenya au Uganda wabebe pia cheti cha homa ya manjano.

Makaratasi: usihakikishe tu kwamba unaweza kuingia nyumbani, hakikisha unaweza kurudi chuoni. Hapa Uingereza kadi za BRP zilikoma mwishoni mwa 2024, hivyo pasi unayosafiria lazima iwe imeunganishwa na akaunti yako ya eVisa. Wenzetu wa Marekani wanahitaji sahihi ya safari kwenye fomu ya I-20 na viza ambayo haijaisha. Masharti ya Marekani kwa nchi zetu yamebadilika haraka tangu 2025, kwa hiyo aliye na viza iliyokwisha amuone mshauri wa wanafunzi wa kigeni kabla ya kununua tiketi. Likizo ya wiki tatu isije ikakugharimu shahada.

ZOEZI

Chukua ramani na siku zako 12. Panga safari kwenye mstari wa Reli ya Kati: Dar, Dodoma, michoro ya mapangoni ya Kondoa iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, Tabora, Ujiji alikokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871, na Gombe alikoanza utafiti wake Jane Goodall mwaka 1960. Jiulize manne. Nahama mara ngapi? Vituo gani vinafanana, nifute kipi? Nikichelewa, ni wapi patakapoharibu vingine? Mama nimempa siku ngapi?

Wale sita wameshafuta vituo kumi kwenye karatasi yao. Vilivyobaki ni Mikumi, Iringa, Mbeya na Unguja, na Matema wameiongeza. Mzee wa mmoja wao ameshapigiwa simu, amekubali siku tano, ila amesema jogoo atachinjwa siku ya kwanza na atakayechelewa atakuta mifupa.

Safari njema, na tukutane muhula ujao.