Kitendawili na Mji: Somo la Kuulizana kwa Upendo



Somo letu la mwezi huu lahusu jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa mchezo wa watoto tu, yaani vitendawili. Kabla ya kuendelea, fungueni Biblia zenu mkasome Waamuzi 14, kisha 1 Wafalme 10:1-9, kisha 1 Wakorintho 13:12. Mahali hapa patatu pataonyesha ya kuwa kuulizana mafumbo si jambo dogo: kwaweza kujenga urafiki, tena kwaweza kuuvunja.

1. Desturi ya vitendawili

Desturi yenyewe mwaijua. Mtegaji husema, "Kitendawili!" nao wenzake huitikia, "Tega!" Wasukuma husema, "Kalagu!" na kuitikiwa, "Kize!" Ndipo fumbo hutolewa. "Nyumba yangu haina mlango." Jibu lake ni yai. "Kuku wangu katagia miibani." Jibu lake ni nanasi. "Popote niendapo anifuata." Jibu lake ni kivuli.

Lakini angalieni sana mambo yanayotendeka wasikilizaji wakishindwa. Mtegaji husema, "Nipeni mji." Nao humpa mji, labda Mwanza au Bukoba. Akiupenda huupokea, na kusema, "Nilikwenda Mwanza, watu wakanikaribisha vema, wakanipa chakula," kisha hutoa jibu. Akiukataa, hupewa mwingine. Wazee wetu walikuwa na hekima katika jambo hili. Aliyeshindwa hakufukuzwa katika mchezo. Alipewa njia ya kukiri kwa heshima ya kuwa hajui. Naye mtegaji alifungwa na sharti: akiisha kuupokea mji, hana budi kutoa jibu. Kitendawili kisichofunguliwa ni deni.

Mafumbo ya namna hii yaliandikwa katika vitabu zamani. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa Unguja, alitoa kitabu cha hadithi za Kiswahili, akatia ndani yake vitendawili. Tena kuna mchezo uitwao kinyume. Katika kinyume silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa mbele: Mwanza huwa Nzamwa, na Kigongo huwa Ngokigo. Wawili wanaojua kinyume waweza kusema mbele ya wa tatu, naye asielewe neno. Basi, hapo twaona njia mbili. Kuna fumbo la kumwalika mtu aingie, na kuna fumbo la kumfungia mlango.

2. Kitendawili cha Samsoni

Samsoni alimwua simba. Baadaye akakuta nyuki na asali katika mzoga wake, akaila. Katika karamu ya arusi yake akawategea vijana thelathini kitendawili juu ya habari hiyo, wakawekeana nguo: mavazi thelathini ya kitani na mavazi thelathini ya kubadili. Siku za karamu zilikuwa saba.

Je! Vijana wale wangeweza kujua? Hapana. Mambo yale yalimpata Samsoni peke yake, wala hata baba yake na mama yake hakuwaambia. Kitendawili cha yai chaweza kufunguliwa na kila mtu aliyeona yai. Hiki hakikuweza kufunguliwa kwa akili. Wala wale vijana hawakukiri kwa unyofu ya kuwa wameshindwa. Walimtisha mkewe kwa moto mpaka akalitoa jibu. Mwisho wake mwaujua. Watu thelathini wa Ashkeloni waliuawa ili nguo zao zilipe deni, na katika sura ya 15 mwanamke yule na baba yake waliteketezwa. Chanzo chake kilikuwa mchezo wa karamuni ambao hakuna aliyekubali kushindwa.

3. Maswali ya malkia wa Sheba

Malkia wa Sheba naye alimjia Sulemani ili kumjaribu kwa maswali magumu. Hakuja kwa hila. Alisema yote yaliyokuwa moyoni mwake. Naye Sulemani hakumficha neno. Malkia hakuona aibu kukiri mbele ya watu ya kuwa hekima aliyoiona ilipita habari alizozisikia kwao. Wakaachana kwa amani na zawadi, na jina la Bwana likatukuzwa. Katika Samsoni maswali yaliwafanya watu wa karamu moja kuwa adui. Katika Sulemani yaliwafanya wageni kuwa rafiki.

4. Kosa langu mwenyewe

Ndugu, siwaandikii kama mtu asiye na kosa. Jioni moja, baada ya mafundisho ya kipaimara, vijana walikuwa wakitegeana vitendawili, nami nikaketi pamoja nao. Nikatega: "Nimeuza joto, nikanunua nuru." Wakasema, "Jua." Wakasema, "Kuni." Wakasema, "Mshumaa." Kijana mmoja mpole, ambaye husoma kwa shida, alijaribu mara tatu, na kila mara wenzake walimcheka. Mwishowe akasema, "Mchungaji, nakupa mji." Nikajibu, "Siutaki. Fikiri tena." Wote wakacheka, nami nikacheka.

Na jibu lilikuwa nini? Nilipokuwa mwanafunzi chuoni niliuza blanketi langu nikanunua taa ya kusomea. Nani angaliweza kujua? Nilitega kitendawili cha Samsoni, tena nikakataa mji.

Jumapili mbili kijana yule hakuja. Nilimwendea kwao, nikamkuta ameketi pwani akitengeneza nyavu. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekukosea mbele ya wenzako, nitakuomba radhi mbele yao pia." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Shikamoo, Mchungaji. Kitendawili." Nikaitika, "Tega." Akasema, "Ng'ombe wangu asimama majini usiku na mchana, watu wapita mgongoni mwake, wala hanywi."

Nikasema, "Kivuko." Akajibu, "Kivuko chatembea." Nikafikiri, nikashindwa. Nikasema, "Nakupa Sengerema." Akaupokea mara moja: "Nilikwenda Sengerema, nikarudi siku ile ile, wala sikungoja wala sikulowa miguu. Aliyenibeba ni daraja."

Nikatazama, nalo lilikuwa mbele ya macho yangu, daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa mwezi wa Juni mwaka 2025. Kijana alinitegea jambo ambalo kila mtu wa Kigongo aliweza kuliona, naye hakuukataa mji wangu. Siku ile mimi nilikuwa mwanafunzi wake.

5. Mafundisho kwetu

Zamani watu waliongoja kivuko hapa Kigongo waliketi pamoja, na wageni walizoeana kwa maneno. Sasa twavuka kwa dakika chache, nasi twamshukuru Mungu, hasa kwa ajili ya wagonjwa. Lakini nafasi ya kuketi pamoja sharti tuitafute wenyewe, nyumbani na katika jumuiya. Mkikutana, tegeaneni vitendawili vinavyoweza kufunguliwa. Msiweke fedha juu yake. Msimcheke asiyejua. Na mtu akikupa mji, upokee.

Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 hufuata njia hii: huuliza maana ya kila amri, na jibu hufuata papo hapo. Aliiandika ili baba wa nyumba awafundishe watu wake, wala si ili awaaibishe.

Zaidi ya hayo, Mtume Paulo asema ya kuwa sasa twaona kama katika kioo, na neno alilolitumia kwa Kiyunani ndilo neno la kitendawili. Sisi sote, wachungaji na wanafunzi, tungali tumeshindwa mbele ya mambo mengi ya Mungu. Lakini yeye hatucheki. Bwana Yesu alisema na makutano kwa mifano, tena aliwaeleza wanafunzi wake yote walipokuwa faraghani (Marko 4:34). Siku inakuja tutakapoona uso kwa uso, na kila fumbo litafunguliwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kitendawili cha Samsoni chatofautianaje na maswali ya malkia wa Sheba?
2. Ni nani katika usharika wetu ameacha kuuliza kwa sababu alichekwa? Nani atamwendea?
3. Mzazi au mwalimu afanye nini akiulizwa jambo asilolijua?

Bwana atupe unyofu wa kusema, "Sijui," na upendo wa kumjibu mwenzetu. Amin.