Kabla Hujanunua Mashine: Ya Kufanya na Kutofanya Katika Biashara ya Plastiki na Nguo Chakavu

Haupiti mwezi bila kijana kuja yadini kwangu na simu mkononi. Ndani ya simu mna video ya mashine inayomeza chupa chafu upande huu na kutema vipande vinavyong'aa upande ule. Anataka kujua inauzwaje na mkopo unapatikana wapi. Nia yake naiheshimu, kwa sababu jiji hili la Dar es Salaam linahitaji watu wa kuishika taka kama mali. Ila nimeshuhudia mashine za namna hiyo zikipimwa kwa kilo kama chuma chakavu, na waliozinunua wakibaki na marejesho ya benki. Kwa hiyo nayaandika haya kama masharti. Asiyeyaweza aiache biashara hii mapema, fedha yake ikiwa bado mfukoni.

Usianze na mashine. Miezi sita ya mwanzo nunua turubai, mizani, viroba, ndoo na glavu. Basi. Fedha ya biashara hii huzaliwa kwenye kuchambua. Kilo ya chupa zilizochanganyika rangi, zenye vifuniko, lebo na mchanga, na kilo ya chupa nyeupe tupu zilizovuliwa kila kitu, ni bidhaa mbili tofauti, na mnunuzi analijua hilo kabla hujafungua mdomo. Nzambi Matee wa Nairobi, anayetengeneza matofali ya kutandika kwa plastiki na mchanga na ambaye mwaka 2020 alitunukiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, aliacha kazi yake na kuanza majaribio uani kwa mama yake. Majirani walipolalamikia kelele za mashine aliwaomba wamvumilie mwaka mmoja apate kipimo sahihi cha mchanganyiko. Mwaka mzima, kwa ajili ya kipimo tu. Na wewe unataka kuanza kuuza Jumatatu.

Ijue plastiki kwa mkono na kwa jicho. Geuza chombo, tazama kitako. Pembetatu yenye namba 1 ni PET, chupa ya maji na ya soda. Namba 2 ni madumu na chupa nyingi za sabuni. Namba 5 utaikuta kwenye viti na ndoo nyingi. Vifuniko vya chupa ni namba 2 au 5, wala si PET, ndiyo maana kifuniko hakisagwi pamoja na chupa yake na kuachwa hivyo hivyo. Ukiwa na shaka, kata vipande uvimwage kwenye ndoo ya maji safi: vya kifuniko vitaelea, vya chupa vitazama. Chekecha vinavyoelea, kausha vilivyozama. Ndoo hiyo haitumii umeme na haiharibiki.

Lakini usiiamini ndoo kwa kila kitu. PVC, namba 3, nayo huzama, tena huzama pamoja na PET kama mapacha. Na hapo ndipo watu wanapofilisika. PET huyeyuka kwenye nyuzijoto zinazokaribia 250. PVC inapofikishwa huko imeshaungua zamani, imeshatoa hewa ya asidi inayokula chuma cha mashine na kuuchafua mzigo. Mwaka wangu wa pili nilipeleka magunia ya vipande vyeupe ambavyo niliviona kama almasi. Mnunuzi alichota kiganja kimoja, akakiyeyusha mbele yangu. Kilitoka na rangi ya chai ya rangi, kina vidoa vyeusi kama pilipili manga. Mzigo wote ulirudi kwenye lori lile lile na nauli nikailipa mara mbili. Tulipokwenda kuchunguza yadini tulikuta chanzo: vifungashio vya vidonge, vile vya plastiki angavu vyenye vishimo, vilikuwa vimeingia kwenye mashine ya kusaga pamoja na chupa. Tangu siku hiyo kuna mama mmoja mezani mwenye kazi moja tu, kuwinda PVC, na ndiye anayelipwa kuliko wote pale mezani.

Usiahidi kugeuza nguo kuwa nguo. Polista ya shati la shule ni ndugu wa damu wa chupa ya maji. Zote ni PET. Mtu akilisikia hili mara ya kwanza huona utajiri. Atulie. Shati lile mara nyingi ni polista iliyofumwa pamoja na pamba, suruali ina nyuzi za kuvutika, jaketi lina bitana ya kitu kingine na zipu ya chuma. Kuzitenganisha nyuzi hizo kunahitaji kiwanda cha kemikali ambacho huna. Hata pamba tupu ikichanwa upya nyuzi zake hukatika na kuwa fupi, haziwezi kusokotwa peke yake zikatoa uzi imara. Huchanganywa na pamba mpya. Sema unachoweza: matambara ya gereji, vijazio vya mito na viti, mazulia ya miguuni, mifuko, mablanketi ya viraka.

Na hata hayo, jaribu kwanza. Chomoa uzi, ushike kwa koleo ndogo, uwashe. Pamba huwaka haraka, harufu yake ni ya karatasi iliyoungua, majivu yake ukiyagusa yanapotea. Polista hujikunja kama inaukimbia moto, huyeyuka, na ikipoa huacha kidonge kigumu ambacho huwezi kukisaga kwa vidole. Sufu hunuka nywele. Chomoa wa mtande, kisha chomoa wa mshindio, maana kitambaa kinaweza kukudanganya upande mmoja. Niliwahi kupeleka matambara gereji bila kufanya hivyo. Fundi alijifuta grisi, tambara likaisambaza mkono mzima badala ya kuinywa, kwa sababu nusu ya mzigo ilikuwa polista. Sikupata oda nyingine pale.

Zifuate taka kabla hazijawa taka. Hili ndilo jambo ninalolithamini kuliko mashine zote nilizowahi kumiliki. Nilikwenda kwa mafundi cherehani, mmoja mmoja, nikawatundikia viroba vitatu ukutani: cha pamba, cha polista, cha mchanganyiko. Fundi anajua kitambaa anachokata. Anakijua kuliko utakavyokijua wewe baada ya kukichomoa uzi. Kipande kikidondoka kinaingia kwenye kiroba chake, na nikija kuchukua nalipa kwa kilo. Vipande vya mafundi ni visafi, havina jasho, havina vifungo. Nguo zinazobaki sokoni baada ya belo kuchaguliwa mara tatu, zile ambazo kwenye soko la mitumba la Gikomba, Nairobi, wanaziita fagia, zinataka kazi mara tano ya hiyo kwa bei ile ile. Ukizichukua, toa zipu na vifungo kwanza uviweke kando. Mafundi wale wale watavinunua.

Usichezee mizani. Wanaokuletea chupa wametembea tangu alfajiri. Ni wazee, ni akina mama wenye watoto mgongoni, na mji unawapa majina ya dharau. Ukiwaibia nusu kilo watajua, hawatasema, na kesho watapeleka kwa jirani. Weka mizani mahali inapoonekana na pande zote mbili, iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Lipa siku hiyo hiyo. Na wewe usikubali kuibiwa: kiroba kizito kuliko kimo chake kimwage chote juu ya turubai, mbele ya mwenyewe, bila kelele. Mara nyingi utakuta chupa zenye maji na mchanga kidogo chini. Mwonyeshe, pima upya, mlipe kilicho halali. Mwite mama, mwite mzee, mwite kaka. Nimeona yadi zikifa kwa sababu ya karani mwenye ulimi mchafu.

Hakuna mtoto mezani, na hakuna mkono mtupu. Ndani ya viroba mna sindano. Sisemi huenda, zimo. Toa glavu nene na viatu vya kufunika, na gharamia chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B kwa kila anayechambua. Kama hesabu zako haziwezi kubeba hilo, hesabu zako ni za uongo.

Usiyeyushe plastiki kwenye pipa nyuma ya nyumba. Najua video hizo nazo zipo: pipa, kuni, mchanga, mwiko mrefu, na tofali linatoka. Moshi ule unamwingia anayekoroga na mtoto wa jirani aliyelala. Barakoa ya kitambaa haizuii hewa ya sumu hata kidogo. Joto la kuni halipimiki, plastiki inapitiliza kuyeyuka inaanza kuungua, na ikiwemo PVC umetengeneza sumu kwa mikono yako. Ama upate kifaa kinachodhibiti joto, chenye njia ya kuvuta moshi, ama uishie kwenye kuchambua na kuuza. Kuuza plastiki iliyochambuliwa vizuri ni biashara kamili.

Usitengeneze vyombo vya chakula wala vitu vya kuchezea watoto. Hujui dumu lile lilibeba dawa gani ya mimea. Plastiki nyeusi ya runinga na kompyuta huwa na kemikali za kuzuia moto, na zimeshakutwa kwenye vijiko vya jikoni na vitu vya watoto vilivyotengenezwa kwa plastiki ya mabaki. Tengeneza nguzo za uzio, matofali ya kutandika, mabenchi. Sahani waachie wenye kiwanda na kibali cha viwango.

Tenga marundo. Njia kati ya belo na belo iwe ya kupita mtu na mtungi wa kuzimia moto. Hakuna sigara, hakuna nyaya zilizoungwaungwa. Soko la Karume hapa jijini liliteketea Januari 2022 na watu waliamka maskini.

Tafuta wanunuzi watatu kabla ya kukusanya tani moja. Mnunuzi mmoja ni bwana wako. China ilikuwa ikinunua plastiki chakavu ya dunia nzima, mwaka 2017 ikatangaza kuifungia mlango, na mwaka 2018 ulipoanza waliozoea kupeleka huko wakabaki na maghala yaliyojaa. Tangu Januari 2021 Mkataba wa Basel unataka ridhaa ya nchi inayopokea kabla plastiki chafu iliyochanganyika haijavuka mpaka. Mafuta ghafi yakishuka bei, plastiki mpya nayo hushuka, na mteja wako atakuacha kwa tofauti ndogo tu. Kwenye nguo ni vile vile. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hadi 2019. Marekani ikabana kwa sheria yake ya biashara ya AGOA, Kenya na Tanzania zikalegeza, Rwanda ikashikilia ushuru wake na mwaka 2018 ikapoteza nafuu ya kuuza nguo huko. Hapa Tanzania mfuko wa rambo ulikuwa bidhaa halali Mei 2019, Juni mosi ukawa kosa. Soma sheria kama unavyosoma bei.

Mwendee fundi aliyepo. Lamu walipoamua kujenga jahazi la plastiki, Flipflopi, hawakuagiza mtaalamu wa kuwafundisha kuunda chombo. Ali Skanda na mafundi wenzake waliichukua plastiki iliyoyeyushwa kuwa mbao na kuikata, kuichonga na kuiunga kwa ufundi ule ule wa baba zao, wakajifunza njiani mahali plastiki inapokataa kutii kama mti. Ubavuni wakavisha kandambili zilizookotwa ufukweni. Chombo kilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 kikasafiri hadi Unguja, kiasi cha kilomita 500. Seremala wa mtaani kwako, fundi viatu, msusi wa mikeka, hao ndio watakaokuambia nguzo yako inapinda wapi. Wape kipande, waache wakae nacho wiki, kisha kaa chini uwasikilize.

Usiandike "asilimia mia" kwenye lebo kama haiko hivyo. Mkoba wenye bitana mpya si mabaki matupu. Andika sehemu gani ni mabaki na sehemu gani ni mpya. Wateja wako wengi watanunua hivyo hivyo.

Usimwage maji ya kuoshea mtaroni. Mtaro wa Vingunguti unaishia Mto Msimbazi, na Msimbazi unaishia baharini. Maji yale yana gundi ya lebo, sabuni kali, na chembe za plastiki ambazo mashine ya kusaga inatengeneza kila sekunde. Jenga matangi matatu ya kutuama, weka wavu mwembamba kwenye kila mdomo, rudisha maji ya juu kuoshea tena. Tope la chini ni taka, lishughulikie kama taka.

Na makapi uyahesabu. Kila yadi ina makapi: pakiti za biskuti zenye tabaka la fedha ndani, soksi zilizooza, plastiki isiyo na namba. Wengi huyatoa usiku kwa mkokoteni na kuyatupa korongoni, kisha asubuhi wanapiga picha na mabango ya mazingira. Mwenye yadi akifanya hivyo amehamisha uchafu tu na kuuficha. Pima makapi kila Ijumaa, lipa gari liyapeleke dampo la Pugu Kinyamwezi, na andika nauli hiyo daftarini kwenye ukurasa ule ule wa mauzo, chini ya kilo ulizouza.