Kabla ya Kutia Siki: Somo la Betri Iliyovuja katika Kompyuta ya Zamani

Utangulizi

Katika kipindi cha mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa moja la juu la shule ya msingi, tukimsikiliza mwanachuo akifundisha somo la asidi na alkali. Mezani aliweka bodi ya kompyuta ya zamani, Amiga 500 Plus, iliyotolewa katika stoo ya chuo. Betri yake ilikuwa imevuja. Kandokando yake paliganda unga mweupe, na chini ya unga huo njia za shaba zilikuwa zimefanya kutu ya kijani. Mwanachuo aliwaambia watoto kwamba kilichovuja ni asidi. Kisha, kwa kuwa alikuwa amejiandaa vema, alivaa glavu, akagusisha pamba yenye unyevu kwenye unga ule, akaipaka juu ya karatasi iliyotiwa manjano. Karatasi ikageuka nyekundu.

Msichana mmoja alinyosha mkono. "Mwalimu," alisema, "imekuwa nyekundu kama ilivyofanya kwenye sabuni."

Mwanachuo aliitazama karatasi, akalitazama andalio lake la somo, akajibu: "Karatasi hii imeharibika." Kisha akamimina bikaboneti ya soda iliyokorogwa katika maji, dawa ambayo alikuwa ameipangia asidi.

Karatasi haikuwa imeharibika, na mtoto alikuwa ameona sawasawa. Kwa makala haya tunakusudia mambo mawili. Kwanza, kumpa mwalimu mwanafunzi maarifa ya kutosha juu ya madhara ya betri zilizovuja na namna ya kuyatengeneza. Pili, kuonyesha jinsi kazi hiyo iwezavyo kufundisha tabia iliyo msingi wa sayansi yote, yaani kuuliza kwanza ni kitu gani kilichopo mbele yetu, na ndipo kuchagua dawa.

Maarifa ya mwalimu

Kosa la mwanachuo yule si la ajabu. Watu wengi wameona maji ya betri ya gari yakitoboa nguo, nayo kweli ni asidi, asidi ya salfuriki. Lakini neno "betri" ni kama neno "dawa": jina ni moja, na vilivyomo ndani ya chupa ni mbalimbali.

Amiga 500 Plus iliuzwa mwaka 1991 na 1992. Ndani yake mna betri ndogo yenye umbo la pipa, iliyofungwa kwa lehemu moja kwa moja kwenye bodi. Pipa hilo lina seli tatu za nikeli na kadimiamu, kila moja ya volti 1.2, hivyo jumla yake ni volti 3.6. Kazi yake ni kuendesha saa wakati kompyuta imezimwa. Kompyuta ikiwashwa, betri hupata chaji. Ikiwekwa kabatini kwa miaka, betri huisha kabisa, vizibo vyake huzeeka, na kilichomo hutoka. Maradhi hayo hayo huzipata Amiga 2000, Amiga 4000, na Acorn A3000 ya mwaka 1989, kompyuta iliyotumika sana katika shule za Uingereza.

Kimiminiko kilichomo katika seli za namna hiyo ni haidroksaidi ya potasiamu iliyoyeyushwa katika maji. Hiyo ni alkali kali. Ina tabia ya kutambaa: hufuata mguu wa betri, hupenya katika matundu ya bodi, huingia chini ya rangi ya kijani iliyofunika njia za shaba, na hata kupanda ndani ya soketi za chipu. Ikikutana na hewa, hunyonya kaboni dayoksaidi, ikawa kaboneti ya potasiamu. Huo ndio unga mweupe. Kutu ya kijani na buluu ni shaba yenyewe inayoliwa.

Sasa tuilinganishe na Macintosh SE/30, ambayo nayo ni ya mwaka 1989. Betri yake ya saa ina volti 3.6 zile zile, lakini ni ya lithiamu na thionili kloraidi. Ikipasuka, kilichomo hukutana na unyevu wa hewani na kutoa asidi ya haidrokloriki. Hapo siki huongeza asidi juu ya asidi, na bikaboneti ndiyo inayofaa. Mashine mbili, umri karibu mmoja, volti sawa, dalili za kufanana kwa mbali. Na dawa ya moja ni kinyume cha dawa ya nyingine.

Hata mawe ya tochi yana tofauti hiyo. Yale yanayoitwa alkalaini yana haidroksaidi ya potasiamu. Yale ya kaboni na zinki yana kloraidi ya amonia au kloraidi ya zinki, ambazo zimeelekea upande wa asidi. Kwa hiyo mwalimu asiseme "betri ni asidi," wala asiseme "betri ni alkali." Aseme: "Tupime."

Jinsi ya kuitengeneza bodi

Kazi ifuatayo ni ya mwalimu au fundi, si ya watoto. Tunaieleza kwa betri ya nikeli na kadimiamu.

1. Chomoa kompyuta katika umeme. Iondoe betri kwanza, kwa kuikata miguu au kuiyeyusha lehemu yake. Kusafisha bodi huku betri ikingali mahali pake ni kupiga deki huku bomba linavuja.

2. Paka siki nyeupe kwa mswaki wa zamani katika sehemu zilizoathirika. Povu likitoka, kaboneti inatoa kaboni dayoksaidi. Rudia mpaka povu likome. Usiiache siki ikae muda mrefu, maana nayo ni asidi na inaweza kula shaba.

3. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa, yaani maji yasiyo na chumvi, kisha kwa spiriti ya isopropili ili kuyafukuza maji. Acha bodi ikauke kabisa.

4. Kagua kwa kioo cha kukuzia. Mahali ambapo rangi ya kijani imevimba au njia imekuwa nyeusi, kwangua taratibu mpaka shaba ing'ae, kisha ifunike kwa lehemu mpya. Chipu zilizo jirani ziinuliwe katika soketi zake. Soketi yenye kutu ibadilishwe.

5. Pima kila njia kwa mita, kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake. Jicho peke yake halitoshi, kwani njia yaweza kuonekana nzima na kumbe imekatika. Iliyokatika iungwe kwa waya mwembamba.

6. Usirudishe betri ya aina ile ile. Amiga 500 Plus huwaka bila betri, nayo hupoteza saa tu. Anayetaka betri ya kifungo ya lithiamu hana budi kuweka dayodi ya kuzuia chaji, kwa sababu saketi ile ilitengenezwa kuchaji, na betri ya kifungo isiyochajika ikichajiwa yaweza kupasuka.

Andalio la somo

Somo hili linahitaji vipindi viwili vinavyofuatana. Madhumuni yake ni kwamba mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze kutambua alkali na asidi kwa kuzipima, na aweze kueleza kwa nini kipimo hutangulia dawa.

Vifaa: manjano ya unga, karatasi nyeupe isiyong'aa, maua makavu ya choya, majivu ya kuni, ndimu au siki, sabuni ya kufulia, vikombe, na bodi au tochi iliyovuja ambayo itashikwa na mwalimu peke yake.

Hatua ya kwanza. Anza na jambo wanalolijua watoto. Waulize nani amewahi kuona doa la mchuzi wenye manjano kwenye nguo nyeupe likigeuka jekundu linapopakwa sabuni. Mikono mingi itanyoshwa. Waambie kwamba mama anayefua ameshafanya jaribio, ila hajaliita kwa jina hilo.

Hatua ya pili. Watoto wapake karatasi maji ya manjano na kuianika. Wachemshe choya na kuchuja maji yake mekundu. Wajaribu vyote viwili kwa sabuni na kwa ndimu, wakiandika matokeo katika jedwali. Wataona kwamba manjano hugeuka mekundu katika alkali lakini hubaki vile vile katika asidi na katika maji matupu. Choya hubaki nyekundu katika asidi na huelekea kijani katika alkali. Waulize kwa nini kipimo kimoja hakitoshi.

Hatua ya tatu. Wachuje maji ya majivu na kuyapima. Majivu ya kuni yana kaboneti ya potasiamu, kitu kile kile kinachopatikana katika unga mweupe wa betri. Kwa njia hiyo watoto hupata alkali dhaifu ya jikoni badala ya ile kali ya bodi. Wadondoshee ndimu juu ya majivu makavu, watazame povu.

Hatua ya nne. Sasa mwalimu aonyeshe bodi. Kabla ya kuigusa, kila mtoto aandike makisio yake: asidi au alkali? Ndipo mwalimu apime mbele yao.

Tahadhari

Kadimiamu ni sumu, na alkali kali hudhuru macho upesi sana. Mwalimu avae glavu na miwani, watoto wasiiguse bodi, na mikono ioshwe mwisho wa somo hata kama hakuna aliyegusa kitu. Tone likiingia jichoni, lioshwe mfululizo kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika 15, na mtu apelekwe hospitali. Siki isitiwe jichoni kamwe. Betri iliyotolewa isichomwe wala isitupwe shimoni au shambani. Itiwe katika chombo kinachofungika, mbali na watoto, mpaka ipatikane njia salama ya kuikabidhi.

Matokeo yakimpinga mwalimu

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya. Siku ile mwanachuo hakukosa vifaa, wala hakukosa bidii. Alikosa neno la kusema pale karatasi ilipompinga mbele ya darasa. Alihofu kwamba akikubali kosa watoto watamdharau. Lakini aliposema karatasi imeharibika, aliwafundisha, bila kukusudia, kwamba jaribio hufanywa ili kumridhisha mwalimu, na kwamba likimkataa hutupwa.

Neno alilolihitaji ni fupi: "Nilidhani ni asidi. Karatasi inasema sivyo. Tuipime tena." Akipima mara ya pili kwa choya na kupata kijani, atakuwa ameonyesha kazi ya sayansi kwa ukamilifu kuliko kama angalikuwa sahihi tangu mwanzo.

Chuoni tuliisafisha bodi ile kwa siki, pamoja na mwanachuo yule. Ilitoa povu. Njia mbili za shaba zilikuwa zimekatika, nasi tukaziunga kwa waya. Kipindi kilichofuata alirudi darasani na karatasi ile ile nyekundu, akaibandika ubaoni, akamwita msichana aeleze mbele ya wenzake alichokuwa ameona.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini si sahihi kusema kwamba betri zote zina asidi?
2. Toa sababu ya kuondoa betri kabla ya kusafisha bodi.
3. Mwanafunzi anapata matokeo yasiyolingana na kitabu. Andika maneno matatu au manne utakayomwambia, kisha uyajadili na mwenzako.
4. Tayarisha andalio la somo kama hili kwa kutumia saa ya ukutani iliyoharibiwa na betri.