Jua Nguvu ya Pombe Kabla Hujahesabu Glasi

Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Dandora na Kayole, wanywaji wengi hujipima kwa kuhesabu glasi. Lakini glasi mbili zilizolingana kwa ukubwa huenda zisilingane kwa kileo. Wiki hii tutaeleza jinsi nguvu ya pombe inavyokadiriwa, na jambo ambalo hesabu hiyo haiwezi kukuonyesha.

Kileo hutokana na sukari. Katika busaa, wimbi lililooteshwa na kukaushwa, yaani kimea, hugeuza wanga wa unga wa mahindi kuwa sukari. Hamira hula sukari hiyo na kutoa kileo pamoja na gesi. Basi anayejua sukari ya mwanzo anaweza kukadiria kileo cha mwisho.

Busaa ina machicha mengi, hivyo ni vigumu kuipima sawasawa. Tuchukue mfano wa bia ya nyumbani inayotengenezwa kwa unga wa sukari ya kimea. Lita moja ya maji ina uzito wa gramu 1,000. Sukari huongeza uzito huo. Kifaa cha kioo kiitwacho haidromita huelea juu zaidi kadiri sukari inavyozidi. Kwanza hupimwa kabla ya kutia hamira, kisha baada ya pombe kumaliza kuchacha.

Hesabu ni hii: zidisha kilo za unga huo kwa 370, kisha gawanya kwa lita za mchanganyiko wote. Kilo 2.2 katika lita 20 ni 814 gawanya kwa 20, yaani karibu 41. Kipimo cha kwanza kitakuwa 1,041. Hamira hula takriban robo tatu ya sukari ya kimea, kwa hivyo kipimo cha mwisho kitakuwa kama 1,010. Tofauti ni 31. Zidisha kwa 0.131, upate kileo cha asilimia 4.

Sasa tuseme mtengenezaji ameongeza kilo moja tu ya sukari ya dukani katika mtungi huo wa lita 20. Sukari hiyo huliwa karibu yote, na kila gramu 17 katika lita huleta takriban asilimia 1 ya kileo. Pombe itapanda hadi karibu asilimia 7. Glasi ya nusu lita iliyokuwa na gramu 16 za kileo sasa ina gramu 28. Aliyekunywa glasi mbili amekunywa kileo cha glasi tatu na nusu, bila kujua.

Hata hivyo, haidromita haitambui sumu. Methanoli, kemikali ya viwandani, haina rangi na hufanana sana na kileo cha kawaida. Nafaka zikichacha hutoa methanoli kidogo mno; hatari kubwa ni mtu anapoitia ili pombe iwe kali. Mnamo Novemba 2000, pombe yenye sumu hiyo iliua zaidi ya watu 100 katika vijiji vya Mukuru, Nairobi. Mililita 10 tu zaweza kupofusha.

Dalili zaweza kuchelewa saa 12 hadi 24: kuumwa na kichwa na tumbo, kutapika, kuona ukungu, kuhema kwa kasi. Usimwache mgonjwa alale akidhaniwa amelewa tu, wala usimpe maziwa au pombe nyingine ukidhani ni dawa. Mkimbize hospitalini mara moja, na ueleze alikunywa nini na saa ngapi. Dawa ipo, lakini kila saa inayopotea hula macho yake.

Sheria ya mwaka 2010 inamtaka anayetengeneza kileo cha kuuza awe na leseni. Usinywe pombe usiyojua ilikotoka. Na hata unayoijua, kumbuka kwamba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa hakuna kiwango cha kileo kisicho na madhara kwa afya. Ukipunguza, punguza gramu, si glasi.