Ukungu wa Jibini na Ukungu wa Mahindi

Wafugaji wa Nyansurura, mkoani Mara, huyajua vema maziwa yaliyoganda. Lakini mwanafunzi aelezwapo kwamba Wafaransa hula jibini lililoota ukungu wa buluu, hushangaa. Huenda hata akauliza: ikiwa wao hawadhuriki, kwa nini mahindi yaliyoota ukungu yasiliwe?

Jibini la buluu ni nini?

Jibini ni sehemu ya maziwa iliyoganda na kutengwa na maji yake. Maziwa hutiwa bakteria wa kuyachachusha, kisha hugandishwa kwa kimeng'enya, ambacho kwa desturi hupatikana katika tumbo la ndama. Katika jibini la buluu hutiwa pia, kwa makusudi, viini vya ukungu uitwao Penicillium roqueforti. Jina hilo latokana na Roquefort, kijiji cha Ufaransa ambako jibini la maziwa ya kondoo huivishwa katika mapango yenye baridi na unyevu.

Ukungu huo huhitaji hewa. Kwa hiyo jibini hutobolewa kwa sindano ndefu, nao ukungu huota katika matundu na mianya. Ndiyo asili ya mistari ya buluu. Vimeng'enya vyake huvunja protini na mafuta, na hapo hutokea ladha na harufu kali. Ukungu huu umechaguliwa, nao katika jibini hautoi sumu ya kiasi cha kumdhuru mlaji.

Ukungu wa ghalani

Ukungu wa mahindi haukuchaguliwa na mtu. Mmojawapo, Aspergillus flavus, hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Kuyapika mahindi hakuiondoi. Ng'ombe akilishwa mahindi hayo, sehemu ya sumu hupita katika maziwa. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kinga yake ni kuanika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, na kuyahifadhi yakiwa makavu kabisa.

Jaribio

Tia punje za mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo. Funga, tikisa, kisha iache kwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yangali mabichi, yarudishwe juani.

Maswali

1. Kwa nini jibini la buluu hutobolewa?
2. Kwa nini mahindi yenye ukungu yasipewe ng'ombe wa maziwa?